Joto la Baba Mkwe

Nilimwasha baba mkwe wangu homa kabla sijawahi kumwona uso. Na nilimwasha vizuri, kwa sababu kazi hiyo hapa Tukuyu hakuna anayeniweza.

Hilo la uso lisikushangaze. Kwetu Wanyakyusa, kwa desturi ya zamani, mkamwana na baba wa mume wake hawatazamani, hawagusani, hawakai chumba kimoja. Wengi wameacha, siku hizi wanakula meza moja na kutaniana juu. Mzee Mwasomola wa Kyela hakuwa katika hao wengi. Tangu niolewe na mwanawe Lusubilo, mzee nilimjua kwa kikohozi tu. Akija kwetu anakohoa akiwa bado getini, nami naacha mwiko kwenye sufuria na kutokea mlango wa nyuma. Akitaka kwenda msalani anakohoa, napotea. Adabu tupu, na hatukuwahi kukoseana.

Sasa fikiria mtu wa namna hiyo apate ugonjwa wa mapafu. Alikuja kututembelea baada ya mavuno, akawa anakohoa asubuhi, mchana na jioni. Mimi, daktari mzima, natoka mlango wa nyuma na kurudi, natoka na kurudi, najisemea moyoni kwamba mzee leo ana mizunguko mingi. Mpaka siku moja nimesimama nje kwenye migomba, mvua inaninyeshea, maharage yanaungua ndani, ndipo nikakisikiliza kile kikohozi kwa masikio ya kazi. Kilikuwa kikavu juu, kizito chini. Weee! Nikampigia simu mume wangu, aliyekuwa amekaa sebuleni na mzee huyohuyo.

“Baba Syekela, baba yako haombi njia. Baba yako anaumwa.”

Picha ilitoka mchana uleule. Kuvu la ghalani, pafu lote la kulia na nusu ya la kushoto.

*

“Mzee yuko tayari, daktari,” alisema Ipyana, nesi wangu, akitoka chumba cha joto huku akivua glavu. “Ila anauliza kama nina uhakika hujapita kwenye korido.”

“Mwambie niko huku kwenye mitambo, nyuma ya ukuta. Simwoni, hanioni.”

“Nimeshamwambia. Anataka niape.”

“Basi apa, kaka, tuanze kazi.”

Kati ya chumba cha mitambo na chumba cha mgonjwa pana kioo, lakini siku ile nilikiwekea pazia. Nilimwona mzee kwa namba zake tu: mapigo ya moyo, pumzi, joto la damu. Joto lilisimama kwenye thelathini na saba kamili, kama la kila mtu. Ipyana alipitisha sumaku chini ya mtulinga wa mzee, pale kilipo kipoza, nikasikia mlio mdogo wa kuzimwa.

Kipoza sikisemi vibaya, mimi mwenyewe ninacho. Ni kidude kidogo kama kifungo cha koti, na kililetwa miaka ile jua la Kyela lilipokuwa likiangusha watu kwenye majaruba ya mpunga. Mtu ameinama anapalilia, akiinuka tu anaanguka, basi. Waliowekewa walirudi nyumbani na miguu yao. Watu walipoona hivyo wakawawekea na watoto, na mwisho tukawekewa hata sisi wa huku milimani ambao jua lenyewe tunalisikia kwenye redio. Damu ikitaka kupanda, kipoza kinaishusha. Vijana wanaulizana homa ilikuwaje, na wakielezwa wanadhani watu wazima tunatia chumvi.

Kosa letu ni kudhani homa ni uchafu wa ugonjwa, kumbe ni silaha ya mwili. Kuvu halipendi joto, likipashwa kidogo linaduwaa. Na zile chembe nyeupe za damu zinazotulinda, kwenye joto la kawaida zinajikokota tu. Zipandishe mpaka thelathini na tisa zinaamka: zinakula sukari, zinagawanyika, zinapenya kwenye nyama kwenda kutafuta ugomvi. Miaka arobaini tulizinyima moto huo. Kuvu la kwenye vumbi la pumba, ambalo mababu zetu walilivuta na kulitema, likaja kutukuta tumelala.

Ndiyo maana kuna Kituo cha Homa. Tunazima kipoza, tunapiga sindano ya kuuchokoza mwili, halafu tunamshikilia mgonjwa kwenye thelathini na tisa, asishuke, asizidi. Hapa tunaita kumwasha mtu. Wagonjwa wanatetemeka, meno yanagongana, wanaagana na ndugu zao. Mimi nakunywa chai. Najua watarudi.

Kuna jambo moja tu sheria imelikazia. Kabla ya kuwashwa, mgonjwa aelezwe hatari yote na daktari mwenyewe, ana kwa ana, na ajibu kwa mdomo wake. Daktari mwingine wa kazi hii yuko Mbeya, na Mbeya kuvu lilikuwa limejaza wodi mpaka vibarazani. Nikamtuma mume wangu.

“Mwambie atatetemeka sana na hatatamani chakula,” nilimwambia Lusubilo. “Halafu kuna hili, na usiliruke. Moto huo unazivunja baadhi ya chembe za kinga, zile kali zaidi. Zikivunjika kwa kawaida zinajiua zenyewe, na huo ndio usalama wetu. Lakini kuna watu ambao zao hazijiui. Kwa watu hao, miaka ikipita, inaweza kuja saratani ya damu. Hatujui mzee ni wa kundi gani mpaka tumwashe.”

“Nimekusikia.”

“Rudia.”

“Mama Syekela, mimi siyo mwanafunzi wako.”

Akavaa barakoa akaingia. Alikaa humo kitambo, akatoka akinitazama viatu. “Amekubali. Anasema wewe ndiye mwenye kujua.”

“Na lile la saratani?”

“Nimesema amekubali.”

Nikampa Ipyana ishara, na joto likaanza kupanda.

*

Kesho yake asubuhi niliiweka damu ya mzee chini ya darubini, picha ikaja kwenye skrini ya ukutani. Jamani, kazi hii ina raha yake! Chembe zilizokuwa zimelala jana zilikuwa zinakwenda huku na huko kama watu wa mnadani. Kuna nyingine kazi yake ni kuwatuliza wenzao ugomvi usizidi, hizo tunaziita wasuluhishi. Kwenye joto lile wasuluhishi walikuwa wamekunja mikono, wamewaachia wakali uwanja. Na picha ya pafu ilionyesha kuvu linarudi nyuma. Nilimwita Ipyana aje aone, tukapigana viganja.

Kisha nikatia rangi ya kutafuta zilizovunjika.

Ndani ya kila chembe kuna vinu vidogo vinavyotengeneza nguvu. Joto likiwa kali vinasagwa kupita kiasi, vinatoa cheche, na cheche zinakata nyuzi za urithi. Iliyokatwa inawaka nyekundu kwenye skrini. Hainitii hofu, nimeziona nyingi. Inawaka, inajikunja, inakufa, na zinazobaki ni ngumu kuliko za mwanzo.

Za mzee ziliwaka nyekundu, zikaendelea kutembea. Nikasubiri. Moja ikasimama katikati ya skrini, nikasema sasa inajikunja. Ikagawanyika. Zikawa mbili, nyekundu zote.

Ipyana alikuwa ameacha kutabasamu. “Ni wale wa kundi lile?”

“Ni wa kundi lile. Nenda kamwambie mzee. Mwambie ile hatari aliyoelezwa jana tumeiona, kwa hiyo aseme kama tunaendelea.”

Aliingia, na hakukaa. “Daktari,” alisema, na sauti yake ilikuwa chini, “mzee ananiuliza hatari gani. Anasema mwanawe alimwambia homa haina neno lolote, ni baridi ya siku chache halafu anarudi Kyela. Hayo ameyasema akili ikiwa timamu. Halafu akaanza kuniita kwa jina la mama.”

Jina la mama mkwe, alitaka kusema. Mama mkwe wangu alishafariki.

*

Lusubilo nilimkuta kwenye benchi la nje, chupa ya chai kati ya miguu, anatazama mvua. Hakuniuliza kitu. Mtu mwenye kosa unamjua kwa mabega.

“Ulimwambia nini baba yako?”

“Nilimwambia atapona. Hatapona?”

“Usinijibu swali kwa swali. Neno saratani ulilisema?”

Akaifunga chupa ambayo ilikuwa imefungwa tayari. “Mama alikufa kwa ugonjwa huo. Tangu tumzike, baba hajawahi kulitaja jina la ugonjwa huo. Redio ikilitaja anazima. Leo niingie pale, mimi mtoto wake, nimwambie baba, tunakutibu lakini huenda tunakupandia uleule? Angebeba shuka lake arudi Kyela akafe na kuvu. Nilichagua kuwa na baba.”

“Haikuwa yako kuchagua.”

“Haya, siyo yangu. Kuvu linarudi nyuma au halirudi?”

“Linarudi.”

“Basi nyamaza, nakuomba. Siku zilizobaki ziishe. Akishasimama kwa miguu yake nitamwambia mwenyewe, naapa.”

Nilikaa kwenye benchi, na ukweli ni kwamba nilitaka kunyamaza. Nilikuwa nashinda! Sijapoteza mgonjwa hata mmoja tangu kituo kifunguliwe, na huyu ni babu ya mwanangu. Ningenyamaza, Syekela angepata babu wa kumfundisha kupepeta mchele. Hakuna ambaye angejua, hata Ipyana ningemfunga mdomo.

Ila kila nilipofumba macho niliona ile chembe moja ikigawanyika. Ilikuwa damu ya mtu, na mwenye damu hakuwa na habari.

Shida ikawa ni hii. Mzee kwenye thelathini na tisa alikuwa anaongea na marehemu. Mtu wa namna hiyo huwezi kumuuliza kitu kikawa jibu. Ili nimuulize lazima nimpoze kwanza, na nikimpoza chembe zinarudi kulala, kuvu linapata nafasi ya kuvuta pumzi. Nikija kumwasha tena, namwasha mwili uliochoka. Kuna wanaokataa kuwaka mara ya pili.

Nikarudi kwenye mitambo, Lusubilo nyuma yangu.

“Ipyana, mpoze.”

Ipyana alinitazama mara moja tu, akachukua sumaku.

“Tusekile!” Mume wangu haniiti jina hilo. “Tusekile, unamuua baba yangu!”

“Namwamsha. Na safari hii simtumi mtu.”

*

Nilisimama mlangoni mpaka namba zikarudi thelathini na saba. Nikavaa barakoa, nikafungua.

Mzee akasikia hatua. Akakohoa.

Miguu yangu ikageuka. Naapa sikuiambia, iligeuka yenyewe, na mkono ulikuwa umeshashika kitasa. Mimi, Daktari Tusekile, ninayewawasha watu wa mkoa mzima! Nilikaza meno, nikairudisha miguu mmoja mmoja, nikapiga magoti karibu na kitanda, macho chini.

“Nani huyo?”

“Ni mimi, baba. Mama Syekela. Mkwe wako.”

Shuka likavutwa kwa nguvu mpaka juu ya kichwa. “Toka!”

“Nisamehe, baba. Sitoki.”

“Lusubilo! Njoo umtoe mkeo!”

Lusubilo alikuwa upande wa pili wa kioo. Pazia nilikuwa nimelifungua mwenyewe. Hakuja.

“Baba, nina maneno ambayo ulitakiwa uyasikie kabla sijakugusa damu, na hukuyasikia. Nikishayasema nitatoka.” Nikayasema. Sikuyazungusha, maana nikianza kuzungusha nitalia. Nilimwambia habari za kuvu, za moto, za vinu vinavyotoa cheche na nyuzi zinazokatika, na nilimwambia kwamba za kwake zikikatika hazifi. Nilitaja saratani kwa jina lake.

Shuka halikutikisika. Mvua ilikuwa inapiga bati la stoo.

“Hizo zilizovunjika,” sauti ikatoka chini ya shuka, “huwezi kuzichekecha ukazitoa?”

“Chekeche ya hivyo bado hatujaipata, baba.”

“Nisipowashwa?”

“Hutaimaliza wiki hii.”

“Nikiwashwa?”

“Kama mwili utakubali tena, kuvu nalitoa. Hilo nalisimamia mwenyewe. Hiyo nyingine sijui. Inaweza kuja miaka mitano, inaweza kuja kumi, inaweza isije. Nikikuahidi nitakuwa nakudanganya.”

“Mwanangu aliniambia haina neno.”

“Alikuonea huruma.”

“Huruma!” Alicheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi, kikohozi kikamtikisa hata kitanda. Alipotulia alisema polepole. “Mama yake pia tulimwonea huruma. Daktari aliniambia mimi, nikamficha. Nikamwambia ni vidonda vya tumbo. Akawa anapanga kulima bonde lote msimu unaofuata, mimi namnunulia mbegu. Alikuja kujua kwa jirani aliyepitia kumpa pole. Kuanzia siku hiyo mpaka tunamzika hakunisemesha. Lusubilo anadhani naogopa ugonjwa. Ugonjwa nauogopea nini? Jina lake siwezi kulitaja kwa aibu.”

Nilimtazama Lusubilo pale kwenye kioo. Kipaza sauti kilikuwa wazi, alikuwa anasikia kila kitu. Alikuwa ameweka kiganja kwenye kioo na analia wazi, bila kujificha, mtu mzima na ndevu zake.

“Washa,” mzee akasema.

“Baba, fikiri kwanza.”

“Nimekobolea watu mpunga miaka yote hiyo, ndani ya vumbi hilohilo. Unadhani sijui kufikiri? Washa. Ila nina sharti. Huo ugonjwa ukija, siku utakayouona kwenye hizo televisheni zenu, uje uniambie wewe. Usimtume Lusubilo. Usimtume mtu yeyote. Uje hivihivi ulivyokuja.”

“Nitakuja, baba.”

“Na desturi?”

“Utakohoa, nami nitaingia.”

Shuka likaanza kushuka, taratibu, kama mtu anayejipa nafasi ya kughairi. Nikainua macho.

Nilitegemea mtu mkali. Nilikuta masikio ya Lusubilo, na paji la uso la binti yangu Syekela, vilevile, na ule mkunjo wake katikati ambao siku zote nilidhani aliuchukua kwangu. Loo! Miaka yote hiyo nalilea paji la uso la mtu ninayemkimbia jikoni. Naye alinitazama, hakuona haya, akatikisa kichwa kidogo.

“Kumbe ni mdogo hivi,” alisema. “Sauti jikoni huwa kubwa.”

*

Ipyana alipiga sindano, kipoza kikazimwa, tukasubiri. Safari hii sikurudi kwenye mitambo.

Joto lilipanda kidogo, likasimama. Likashuka. Ipyana akaongeza dawa kwa kiwango cha mwisho tunachoruhusiwa, akanitazama. Nilijua anachotaka kusema. Mwili ulikuwa unakataa. Mashine ilisoma thelathini na saba na nusu, ikaganda hapohapo, na pumzi za mzee zikawa fupi, na upande wa pili wa kioo Lusubilo alikuwa ameacha kulia na kubaki ameduwaa. Kama angekufa, angekufa kwa sababu nilimpoza ili nimuulize. Nilijiuliza kama ningerudia, na jibu lilikuwa ndiyo, nalo halikunipunguzia hofu hata chembe.

“Zamani,” mzee alisema, macho yamefumba, “kabla ya hivi vidude, tulikuwa tunaugua homa kweli. Mama alikuwa haulizi mashine. Anaweka mkono hapa.” Akajigusa paji la uso.

Nikavua glavu. Ipyana akageukia ukutani, akajifanya anakagua waya. Nikaweka kiganja changu juu ya paji la uso la baba mkwe wangu.

Lilikuwa la uvuguvugu, na jasho baridi. Nikakaa hivyo. Sijui tulikaa kiasi gani, najua mkono ulianza kufa ganzi na sikuuondoa. Kisha chini ya kiganja nikaanza kuusikia moto, mdogo kwanza, ukitokea ndani. Taya lake likaanza kutetemeka. Meno yakagongana. Mashine ilikuwa bado inasoma ileile ya mwanzo.

“Unapanda, baba,” nikasema. “Unawaka!”

“Baridi kali, mwanangu,” akasema, na meno yanagongana.

“Ndiyo yenyewe. Tetemeka tu, usiizuie. Tetemeka, mzee wangu!”

Namba zikaja kuthibitisha baadaye, thelathini na nane, kisha zaidi, na nikamsikia Lusubilo akipiga kelele nyuma ya kioo kama mtu ambaye timu yake imefunga goli la ushindi. Nilikuwa na hakika tena, hakika yangu ya siku zote, ila sasa tulikuwa wawili tunaojua inagharimu nini.

Mzee akakohoa.

Miguu yangu ikanyanyuka, mazoea ni kitu kibaya. Nilikuwa nimeshauondoa mkono, nimeshageukia mlango, ndipo vidole vyake vya moto vikanishika kifundo cha mkono na kukirudisha kiganja changu pale kilipokuwa.

“Kaa,” alisema. “Hicho ni cha ugonjwa.”